Upepo wa Kusi na Neno la Nahodha

Somo: Matendo ya Mitume 27, aya ya 9 hata ya 12



Mlango huu wa 27 sisi wachungaji twaupenda sana, wala sababu yake si ngumu kuijua: ndani yake mhubiri ndiye aliyesema kweli, na mabaharia ndio waliokosa. Paulo alikuwa mfungwa, tena hakuwa mtu wa chombo. Aliwaonya ya kuwa safari ile itawaletea hasara, lakini akida Yulio akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko yeye, na mwisho wake mnaujua. Mara nyingi nimeuhubiri mlango huu, na kila mara, pasipo kufikiri, nalijiweka mahali pa Paulo. Mwezi wa Julai uliopita Mungu alinionyesha ya kuwa kiti changu ni kingine. Nataka kuwasimulia habari hiyo, ijapokuwa hainipi sifa.

Usharika wetu u juu milimani katika Usambara. Upepo tuujuao sisi ni ule unaolaza mahindi na kung'oa mabati mabovu. Upepo wa baharini hatuujui. Watoto wa kipaimara walikuwa 23. Walipoanza mafundisho yao naliwaahidi ya kwamba, wakimaliza vema, nitawapeleka Saadani, mahali ambapo nyika na bahari hukutana, hata nyama wa porini waweza kuonekana juu ya mchanga wa pwani. Wazazi walichanga fedha kwa taabu. Wengine waliuza maharagwe, na mama mmoja aliuza kuku wake wawili. Fedha zikatosha gari, na kiingilio cha hifadhi, na chakula, na mashua ya kutupeleka mlango wa mto Wami kuwaona viboko na mamba. Safari hiyo ya mashua nalikuwa nimekwisha kuifanya mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma, mwezi wa Machi, bahari ikiwa imetulia kama maziwa katika bakuli. Nalisimulia sana habari zake darasani. Labda kupita kiasi.

Kutoka kwetu mtu hushuka hata Mombo, akapita Korogwe na Segera, akafuata barabara ya Chalinze mpaka Mandera. Hapo huiacha lami na kwenda kilometa 60 hivi katika vumbi mpaka baharini. Saadani leo ni kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na hifadhi, lakini zamani palikuwa mji wenye jina. Hapo alikaa Bwana Heri, ambaye mwaka 1889 alipigana na Wajerumani. Kabla ya hayo misafara mingi ilianzia hapo kwenda bara, nao wamisionari walikuwamo. Mwaka 1876 Roger Price, wa chama cha misioni cha London, alitoka Saadani akaenda Mpwapwa pamoja na ng'ombe wachache, akitaka kujua kama wanyama waweza kuchukua mizigo badala ya mabega ya watu. Ng'ombe wakafika. Basi mwaka 1877 chama kikaleta magari na ng'ombe wengi, wakaondoka Saadani kwa matumaini makubwa. Lakini mbung'o waliwauma ng'ombe, wakafa njiani, na kazi ya magari ikashindikana. Naliwasimulia watoto habari hii tulipokuwa garini, wakacheka kwa kuwa wazungu wale walidhani ya kuwa njia iliyopitika mwaka mmoja itapitika na mwaka wa pili. Mimi nami nalicheka.

Tulifika jua likikaribia kuchwa. Mtoto mmoja aliyekuwa hajaiona bahari tangu kuzaliwa akasimama kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, ng'ambo ya pili iko wapi. Nikamwambia, mbele yako, usikoona, ni Unguja. Akaniangalia kama mtu asiyesadiki.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili, tulikuwa pwani. Maji yalikuwa yametulia, wala jani halikutikisika. Nahodha tuliyepatana naye kwa simu alikuwa mzee apataye miaka sabini. Ametoka msikitini, na kofia yake ingali kichwani.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, Padri. Mmeamkaje? Leo hatuendi."

Nawaungamia ndugu zangu ya kuwa wazo langu la kwanza lilikuwa hili: mtu huyu ataka kuongezewa nauli. Nikamwambia bahari imelala.

"Huu ni umande, watoka bara," akajibu. "Jua likipanda, kusi itaamka. Usiku nimeisikia juu ya minazi."

"Basi twende upesi, turudi kabla haijaamka."

Akainama, akachora mchangani kwa kidole: huku mto, huku bahari, na katikati yake fungu la mchanga. Akanieleza kwa upole, kama mtu amwelezaye mjukuu. Asubuhi maji yanajaa, kwa hiyo tutaingia mtoni bila taabu, maana maji na upepo vyaelekea njia moja. Lakini tutakapotaka kutoka maji yatakuwa yanakupwa. Mto utasukuma kwenda nje, kusi itasukuma kuja ndani, na juu ya lile fungu, ambapo kina ni kidogo, mawimbi yatasimama wima. Chombo chenye wavuvi watano kitapita. Lakini watoto wa milimani wasiojua kuogelea, wakiona maji yameinuka mbele yao, watakimbilia wote upande mmoja.

Sikuwa na jibu kwa maneno hayo. Kwa hiyo nikatafuta jibu mahali pengine. Nikasema, "Sisi ni watu wa sala, mzee. Tutaomba kwanza."

"Ombeni, mwanangu, nami nitaomba. Lakini tuombee hapa hapa, nchi kavu."

Wapendwa, neno langu lile lilikuwa na sura ya imani, lakini halikuwa imani. Ndani yangu mlikuwa na kuku wawili wa yule mama. Alikuwamo na mzee mmoja wa baraza letu, aliyesema tangu mwanzo ya kuwa safari hii ni kupoteza fedha, nami sikutaka arudie kusema. Zilikuwamo na hadithi zangu za darasani. Hayo yote nikayavika kanzu ya sala, nikamtumia Mungu kuusukuma mkono wa mtu mwingine. Nimetumika madhabahuni miaka kumi na mitano, na sijui kama nimewahi kulitaja Jina Lake bure waziwazi kama asubuhi ile.

Kijana mmoja mwenye mashua ya pili alikuwa akisikiliza. Akasema yeye atatuchukua, tena kwa fedha pungufu. Walimu wawili waliofuatana nami wakafurahi, na watoto walikuwa wamekwisha kuvua viatu. Nikatia mkono mfukoni.

Yule mzee hakugombana na kijana wala na mimi. Aliniomba jambo moja tu. "Padri, una karatasi? Niandikie majina yao, na majina ya baba zao. Mkichelewa, mimi ndimi nitakayeulizwa, nami sijui watoto hawa ni wa nani."

Hakulisema kwa dhihaka. Alitaka kweli kuandikiwa. Nikatoa daftari, nikakaa ukingoni mwa ngalawa iliyopandishwa pwani, nikaanza kuandika. Wa kwanza, mtoto wa seremala wetu. Wa pili na wa tatu, mapacha. Wa nne alelewa na bibi yake asiyeona. Wa tano, na wa sita. Wa saba alikuwa binti wa yule mama aliyeuza kuku. Nalimbatiza mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza wa uchungaji wangu. Nikaliandika jina lake, nikataka kuandika la baba yake, nikakumbuka ya kuwa baba yake nalimzika. Ilinipasa kuandika jina la mama. Kalamu ikasimama.

Nikaondoka pale, nikawaambia watoto wavae viatu.

Manung'uniko yalikuwa makubwa, sitayaeleza. Tukaingia hifadhini kwa gari, tukiwa na askari wa wanyama wa kutuongoza. Hifadhi hii ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,100 hivi, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005; kabla yake ilikuwa pori la akiba. Yapata saa nne kusi ikaamka, kama ilivyosemwa. Kwanza nyasi zikainama, kisha mikoche, na mchanga ukaanza kutupiga miguuni kama sindano. Kofia ya mwalimu mmoja ikaruka, hatukuiona tena. Bahari iliyokuwa imelala ikawa nyeupe hata upeo wa macho.

Na hapo, bila mashua, tuliona mengi. Katika mabwawa ya chumvi walisimama heroe, wote wameuelekea upepo, maana ndege aupaye mgongo hufumuliwa manyoya yake. Askari alituonyesha jinsi ya kuwakaribia kuro: aliokota vumbi, akaliachia hewani, akaangalia liendako, kisha akatuzungusha mbali ili harufu yetu isiwafikie. Akasema siku ya upepo nyama huwa na wasiwasi kuliko siku nyingine, kwa sababu sauti na harufu zote zimechanganyika, hawajui adui yuko upande gani. Twiga tulimwona mmoja, miguu yake ameitanua kidogo kama mtu aliyesimama ndani ya merikebu. Penye matope ya mkono wa bahari tukaiona mikoko ya namna mbili: mikoko yenyewe, iliyosimama juu ya mizizi yake kama nyumba juu ya nguzo, na michu, ambayo mizizi yake hutokeza matopeni kama vidole ili ivute pumzi. Upepo ulikuwa ukivuma mtindo mmoja, lakini ndani ya mikoko, hatua thelathini tu, mtu aliweza kuwasha kiberiti. Watoto walijaribu.

Mchana tukaenda Madete, ambako kasa hupanda pwani kutaga. Askari akatueleza ya kuwa kasa jike hurudi kutaga katika pwani za upande ule alikototolewa yeye, baada ya miaka mingi ya kuzunguka baharini. Hufukia mayai mia na zaidi katika shimo moja, na baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama watakuwa majike au madume: mchanga ukiwa wa moto, majike huzidi. Mtoto mmoja akauliza, je, kasa akishapanda pwani akaona watu? Askari akajibu ya kuwa hata akiwa amejaa mayai tumboni, akishtushwa na taa au watu hugeuka, akarudi majini, akangoja usiku mwingine. "Huiona alama yake asubuhi," akasema, "amepanda, amegeuka, wala hakuna shimo."

Nalifikiri neno hilo njia nzima tuliporudi kijijini. Nalikuwa nimehesabu ya kuwa safari iliyogeuka ni safari iliyopotea.

Sasa lazima niwaambie na jambo linaloniudhi. Jioni, tulipokuwa tukila, yule kijana akarudi. Alikuwa amekwenda kuvua, peke yake na wenzake wawili. Nguo zao zilikuwa zimelowa, lakini walikuwa wazima, tena wana samaki. Akatupungia mkono akicheka. Mwalimu mmoja akanigeukia, akasema, "Unaona, Mchungaji? Tungalikwenda."

Naliwaza mengi usiku ule. Kama mashua ile ingalizama, hubiri langu lingekuwa rahisi, na msomaji angelitikisa kichwa na kusema, tazama jinsi Bwana alivyowaokoa. Ndivyo tulivyozoea kuusoma mlango huu wa 27. Merikebu ilivunjika, basi Paulo alisema kweli. Lakini Paulo alisema kweli hata kabla merikebu haijavunjika. Alisema kweli siku ile ile, penye Bandari Nzuri, hali upepo ulipokuwa ungali mpole. Kama wangalifika Foinike salama wakala karamu, bado ingekuwa si haki kuzitia roho 276 katika hatari ili watu wapate bandari iliyo nzuri kuliko ile waliyokuwa nayo.

Angalieni pia ni upepo gani uliowadanganya. Haukuwa ile tufani. Tufani haimdanganyi mtu. Luka aandika ya kuwa ulikuwa upepo wa kusini, uliovuma kwa utulivu, nao wakaona kusudi lao limekwisha kutimia. Walikuwa na tamaa yao tayari, wakangoja tu kitu kitakachoitikia ndiyo. Mimi umande uliniitikia ndiyo. Kijana mwenye bei pungufu akaniitikia ndiyo. Walimu wawili wakawa wengi wangu, kama walivyokuwapo wengi katika aya ya 12. Na ile bahari ya Machi, iliyotulia miaka mitatu nyuma, ndiyo ng'ombe wangu wa mwaka 1876.

Tena akida yule hakuwa mtu mbaya. Tangu Sidoni alimtendea Paulo kwa fadhili, akampa ruhusa kuwaona rafiki zake. Hakufanya ujinga, aliuliza watu wa kazi. Kosa lake, naona, lilikuwa hapa: twasema alikataa neno la mtume, lakini yeye hakuona mtume. Aliona mfungwa. Nami pwani ya Saadani sikuona mtu ajuaye. Naliona mwenye mashua atakaye nauli, tena mtu asiye wa dini yangu, ambaye mimi niliyesoma chuo cha theolojia sikutazamia kujifunza kwake habari ya sala. Mnakumbuka ni nani aliyemwamsha Yona alipolala chini ya merikebu? Alikuwa nahodha, mtu wa mataifa, asiyemjua Mungu wa Israeli. Nabii alikuwa amelala, na huyo ndiye aliyemwambia aondoke amwombe Mungu wake. Nimeuhubiri mlango huo vilevile, na sikumbuki kama nalipata kumsifu yule nahodha hata kwa neno moja.

Asubuhi ya kuondoka nalimwendea yule mzee, nikampa fedha ya siku yake, maana alikuwa ametungoja wala hakwenda kuvua. Alikataa, nikamsihi, akapokea nusu. Nikamwomba radhi kwa maneno yangu juu ya sala. Akasema hakuona ubaya. Kisha akaniuliza kama ile karatasi nitampa, au yangu. Nikasema naomba niende nayo.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Baraza la wazee liliniita nitoe hesabu ya fedha ya mashua, nikaiweka mezani yote isipokuwa ile nusu. Yule mzee aliyeipinga safari akauliza, kwa haki yake, kama chombo kingine kilikwenda siku ile. Nikasema, kilikwenda. Kilirudi salama? Nikasema, kilirudi. Palikuwa kimya. Nikalitoa daftari, nikasoma yale majina saba, na pale palipokuwa pametakiwa jina la baba nikaeleza kwa nini palibaki wazi. Mama mmoja katika baraza, jirani yake yule mwenye kuku, akasema fedha iliyosalia na iwekwe, watoto waende tena.

Basi juma lililopita nalimpigia simu nahodha, nikamwuliza twende lini. Akasema tuje mwanzo wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea na masika haijaingia, na tusije na siku moja kama safari ile. Tuje na siku tatu, naye atachagua. Nimelipeleka neno hilo barazani. Baraza limekubali siku mbili.